Santuri Isiyo na Msamaha

Kiponda, Unguja
12 Februari 1955

Mwanangu Bakar,

Asalaam aleikum. Salamu nakupa kamili, usije ukasema shangazi yako alianza kwa ugomvi. Sisi ni wazima. Baba yako amerudi kutoka Pemba na karafuu zake na kikohozi chake, na vyote viwili anaviringia. Mwanakheir wangu amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Gharib, jina la babu yake, na kilio chake kinavuka mitaa mitatu. Magoti yangu ni yale yale. Ngazi za nyumba hii zilijengewa watu wa miaka ishirini.

Sasa nisikilize. Santuri imefika.

Msabah mwenye duka la Darajani aliileta mwenyewe, pamoja na gramafoni ya kuazima, akaviacha mlangoni. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wote waliokuwa nyuma ya pazia siku ile ulipokuja na Mzungu wako na mashine. Mama yako alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Bububu, amevaa kanga mpya, na sahani ya vibibi vya mchele na nazi mkononi. Tukafukiza udi kama tunaopokea bibi harusi.

Upande wa kwanza ulitoka vizuri, sina la kusema. Beti zote nne, mpaka pale wifi wa kwenye wimbo anapojifungia ndani. Mama yako akacheka akanifinya, maana alijua kinachofuata. Tukageuza. Wakatoka wanaume wa bara na magitaa yao, wanaimba habari za baiskeli.

Tulidhani Msabah amekosea. Biasha mkunga akateremka hadi dukani, akarudi na santuri ya pili na ya tatu. Zote chapa ya Kipungu, zote karatasi nyekundu, jina langu huku na baiskeli kule. Mama yako akachukua sahani yake, vibibi vimo, akaondoka bila kuaga.

Bakar, wewe ni mtoto wetu, desturi yetu unaijua, lakini nitakukumbusha maana naona Nairobi imekusahaulisha. Katika kikundi chetu mwenye kinyongo na mwenzake hakipeleki mabarazani. Hukitungia wimbo akamwimbia mwenyewe usoni, mbele ya wote. Nusu ya kwanza hutoa lililomchoma, nusu ya pili hulifuta. Na aliyeanza sharti amalize, hata kama sauti imemkauka, kwa sababu wimbo wa kinyongo ukikatwa katikati si wimbo tena, ni tusi. Mimi na mama yako letu tulilimaliza miaka miwili nyuma, kwenye harusi ya Mwanakheir. Alikubali wimbo uingie kwenye mashine kwa sharti moja, uende mzima. Wewe ukasimama mbele ya pazia ukatuambia: "Upande wa kwanza nusu, upande wa pili nusu. Mimi mwenyewe nitasimamia."

Nusu yetu iko wapi? Nijibu kabla santuri hii haijafika kila hoteli ya kisiwa hiki.

Shangazi yako,
Kazija binti Simai


Pumwani, Nairobi
9 Machi 1955

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta wewe na magoti yako mmepatana. Mimi mzima, ila baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye chai, na siku hizi mtu hatoki mtaa mmoja kwenda wa pili bila karatasi ya ruhusa mfukoni. Hongera kwa mjukuu. Nimemnunulia Gharib kofia ya sufi, nitamtumia nikipata msafiri.

Kuhusu santuri, barua yako nimeisoma mara mbili. Inaonekana kiwandani Ulaya walichanganya. Tepe zetu huenda kwa meli, huko ndiko zinakogeuzwa santuri, na mpaka zirudi imeshapita miezi minane, na hapo katikati mikono ni mingi. Mimi ni karani na mkalimani tu. Habari ya wimbo upi ukae upande upi huamuliwa na wakubwa.

Lakini shangazi, ungekuwa hapa ukaona. Kipungu haijapata wimbo unaopendwa namna hii. Mombasa wanauomba, Lamu wanauomba, hata Ngazija umefika. Bwana mkubwa aliniita ofisini akanipa mkono mbele ya makarani wote. Jina lako linasomwa na watu ambao Unguja hawajawahi kuiona. Je, hilo si la kufurahia japo kidogo?

Mama hajajibu barua zangu mbili. Pengine ni posta. Nipelekee salamu zangu kwake.

Mwanao,
Bakar


Kiponda, Unguja
2 Aprili 1955

Mwanangu Bakar,

Wa aleikum salaam. Shaaban imeingia, tumeanza kutwanga viungo vya Ramadhani. Kikohozi cha baba yako kimepoa. Ama kofia ya sufi kwa mtoto wa Unguja, mwanangu, unataka kumvika au kumpika?

Nimesoma habari ya kiwanda cha Ulaya. Hebu niambie, kiwanda hicho kilijifunza Kiswahili lini? Mashine iliyochanganya ingekata popote, katikati ya neno, katikati ya pumzi. Hii imekata penye mpaka wenyewe, tusi likabaki huku na msamaha ukaenda kule, kama mtu anayechambua mchele. Aliyekata alielewa maneno. Nakuuliza mara ya pili, ni nani?

Na nitakwambia furaha yako imefanya nini huku. Jecha ana hoteli Bububu, mkabala na nyumba ya mama yako, na amenunua gramafoni yenye tarumbeta kubwa ameielekeza barabarani. Kutwa ni hii:

Nilikwita kwenye kiza, taa hukuniletea,
Jirani wakajikaza, mbali wakanijilia,
Wewe uliye wa kwanza, ndani ukajifungia.

Beti hizo nilizitunga kwa uchungu wa bibi yako, alipofariki mwaka wa hamsini na moja na mama yako asionekane siku zote tatu za matanga. Mkwe wa pekee, wa karibu kuliko wote na moyo wa marehemu, hakutokea. Watu wa Bububu si wajinga, fumbo wamelifumbua siku ya kwanza. Watoto wanamwimbia dirishani wakienda chuoni kusoma Kurani. Kwenye bomba la maji wanawake wanamwachia nafasi asiyoiomba. Harusi mbili zimepita mtaani kwake na hakuna aliyemwalika. Sasa hatoki tena.

Na mimi, Bakar, mimi napewa hongera. Sokoni wananishika mkono, wananiambia Bi Kazija umemkomesha. Nawaambia wimbo una nusu nyingine. Wananiuliza iko wapi, na mimi sina cha kuwaonyesha isipokuwa baiskeli. Kila hongera ni kofi. Nimefanywa mwongo kwa sauti yangu mwenyewe.

Mara tatu nimekwenda Bububu, mara tatu mlango haukufunguliwa. Si posta inayokunyima jibu la mama yako.

Kazija


Pumwani, Nairobi
28 Aprili 1955

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Huku tunafuturu kwa uji na tambi, na kila nikikaa kula naukumbuka mkono wako.

Tepe ya nusu ya pili nimeitafuta ghalani siku mbili. Imefutwa. Tepe hutumika tena na tena, ndiyo kazi ilivyo, na juu ya beti zenu sasa wapo vijana wa Tanga na ngoma zao. Sitakuficha. Wimbo mmoja kwa pande zote mbili wafanyabiashara hawaupendi, kwa hiyo waliuliza nusu ipi iende. Ikajibiwa kwamba ya pili ni marudio, maneno yale yale kwa sauti ya chini, habari za mche na ua wa nyumba. Nadhani hata wewe utakubali kwamba ya kwanza ndiyo yenye moto.

Kila mwezi hutoka santuri mpya, na watu husahau. Tuvute subira.

Bakar


Kiponda, Unguja
30 Mei 1955

Bakar,

Idd mubarak, ingawa imeshapita. Gharib amevalishwa kanzu ya kwanza akaitapikia. Baba yako ameswali Idd Malindi, akarudi Bububu, akakaa barazani kwake peke yake. Nyumba yenye mlango uliofungwa haina wageni wa Idd.

"Ikajibiwa." Nimelisoma neno hilo mpaka wino umenikera. Huko ofisini mna ukuta unaojibu? Nani kati yenu anajua Kiswahili, hata akajua kwamba ndani ya wimbo mna mche na mna ua? Sikuulizi mara ya tatu. Lakini kwa kuwa huyo aliyejibu aliona ni marudio, msomee huu ubeti mmoja wa zile unazosema mmezifuta:

Kumbe nawe kiza chako, peke yako ulilia,
Mche wa uani kwako, jua haukufikia,
Nisamehe ndugu yako, langu kosa najutia.

Nilikuwa sitaki kuliandika hili kwenye karatasi. Ni la wanawake, na si langu. Nilimtuma Biasha, maana yeye peke yake ndiye anayefunguliwa mlango, akamwombe mama yako ruhusa. Alirudi na neno moja: "Mwandikie."

Mche si mche, Bakar. Msimu ule wa karafuu, bibi yako alipofariki, baba yako alikuwa Pemba na mama yako alikuwa na mimba ya miezi mitano, aliyoificha kila mtu isipokuwa Biasha. Usiku tulipokuwa tunamwosha maiti mjini, mimba ile ilitoka Bububu. Alikuwa peke yake na Biasha. Siku tatu nilizokuwa nahesabu nani kaja na nani hakuja, yeye alikuwa kitandani anazika wake bila matanga. Akamwapisha Biasha asiseme, kwa sababu hakutaka msiba wake uonekane kupanda juu ya msiba wa mkwe wake. Mimi nilikaa na kinyongo mwaka mzima na zaidi, mpaka Biasha alipoona ninatunga, akaona bora avunje kiapo. Beti nne za kwanza nilikuwa nshazimaliza. Nusu ya pili niliitunga nikiwa nalia, na haikuwa kumsamehe yeye. Ni mimi niliyekuwa naomba.

Hayo ndiyo marudio yenu. Mlichokifuta ni kosa langu, mkaacha kosa lisilokuwa lake.

Basi Idd Mosi nilikwenda Bububu mara ya nne. Kwa Jecha wanaume wamejaa mpaka nje, vikombe mkononi, na santuri inazunguka. Nilisimama barabarani na buibui langu nikasubiri. Ilipofika mwisho wa ubeti wa nne, sindano ikabaki inakwaruza, nikaanza mimi ubeti wa tano. Tangu kuzaliwa sijawahi kuimba mbele ya wanaume bila pazia, nawe unajua kwa nini mlitutundikia lile pazia. Niliimba wa tano, wa sita, wa saba, wa nane. Jecha aliondoa sindano. Wanaume walitazama chini, mmoja akavua kofia sijui kwa nini. Mlango wa mama yako haukufunguka. Mabasi mawili yalinipita kwa sababu sikuweza kupanda na uso ule.

Ukitaka kuniandikia tena, usiandike "pengine".

Kazija


Pumwani, Nairobi
20 Agosti 1955

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Natumai wote hamjambo, na Gharib anakua.

Ni mimi.

Mzungu hajui neno hata moja la Kiswahili. Aliniuliza kama wimbo unaweza kukomea pale, nami nikamwambia umekwisha pale, kinachofuata ni marudio. Kazini nilikuwa na miezi miwili. Nyimbo tatu nilizowapelekea kabla ya ule walizikataa, na nilijua maneno makali yatapendwa. Nilijua pia desturi yetu. Nilijiambia nitatafuta santuri nyingine ya kutilia nusu ya pili, halafu sikuitafuta. Kisha ulipoandika nikasingizia kiwanda, kisha wakubwa, na mwisho sikumsingizia mtu nikaacha sentensi bila mwenyewe.

Nilisikia mche nikadhani mche. Mwaka ule nilikuwa Mombasa natafuta kazi. Mama aliniandikia kwamba ana homa kidogo, nisirudi. Sikujua kwamba nilikuwa nipate ndugu.

Kuna jambo jingine, na nina haya kuliandika. Msabah ameiarifu kampuni kwamba wateja wanakuja dukani kuulizia "ule mwisho". Bwana mkubwa amefurahi sana. Anataka kuleta mashine Unguja mwezi wa Desemba, atie nusu ya pili kwenye santuri ya peke yake, na jina ameshalipata: "Msamaha wa Bi Kazija". Ameniagiza nikushawishi. Naandika kwa kuwa nimeagizwa, na pia kwa kuwa natamani kitu nilichokivunja kirudi. Nikikosea katika hili nalo, niambie.

Barua ya mama bado. Niombee msamaha kwake.

Mwanao, ukikubali,
Bakar


Kiponda, Unguja
17 Septemba 1955

Mwanangu Bakar,

Wa aleikum salaam. Gharib ana meno mawili na ameshamwuma baba yako. Kofia ya sufi imefika salama, tunafunikia birika la chai, na chai haipoi. Magoti yangu yamekubali kupanda ngazi bila kelele tangu wiki iliyopita, na sababu yake nitakueleza.

Ijumaa ile iliyofuata Idd, Jecha alipiga santuri kama kawaida yake. Ilipokoma, kabla hajaweka nyingine, sauti ya mwanamke ikatoka dirisha la juu, nyumba ya tatu, ikauchukua ubeti wa tano. Sijui ni nani, na hakuna anayetaka kusema. Siku ya pili walikuwa watatu. Sasa Bububu nzima ndivyo inavyofanya: santuri ikifika mwisho, Jecha anazuia mkono, na barabara inamaliza wimbo kutoka madirishani. Watoto walewale wa chuoni wanaujua mpaka wa nane. Wanaume wanavumisha sauti tu, mche hawaujui ni nini, na si lazima waujue. Msabah anasema Darajani nako wameanza.

Mama yako alisikiliza wiki kumi na tano nyuma ya mlango. Alhamisi iliyopita nilisikia hodi, nikateremka, nikamkuta amesimama na sahani ya vibibi. Akanambia: "Nshachoka kukaa ndani, Kazija. Nipishe nipande." Tulikula vyote wenyewe, hatukumwachia mtu.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka pale uliposema ulidhani mche ni mche. Akaniomba nirudie mstari huo. Nikaurudia. Akaichukua barua akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga, na mpaka sasa hajanirudishia.

Kwa bwana wako mkubwa jibu ni hapana, na umpelekee bila kulipamba. Nusu ile mliifuta, watu wakairudisha kwa midomo yao. Haiingii tena kwenye mashine ikapigwa tarumbeta bila ya kwanza, maana msamaha peke yake nao ni uwongo, hujui unasamehe nini. Hilo jina lake jipya abaki nalo. Mimi sikusamehe mtu, mimi niliomba. Akitaka kuusikia mzima apande basi la Bububu, anunue chai kwa Jecha, avumilie mpaka sindano ikwaruze.

Sasa wewe. Umenitaka nikuombee kwa mama yako. Nimekasirika nawe, Bakar, tangu Februari, na hasira yangu nimekuandikia yote, sikukupunja hata ubeti mmoja. Uliahidi mbele ya wanawake kumi na mmoja ukavunja. Ulimwuza mama yako kwa mkono wa bwana mkubwa mbele ya makarani. Ulinidanganya mara tatu kwenye barua mbili, na zote mbili ulizianza na shikamoo. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na sasa unayo kamili.

Ya pili haitumwi kwa posta. Mimi ninayo yangu na mama yako anayo yake, na kwetu huimbiwa mwenyewe, usoni. Barua hii naikata hapa hapa, mahali ulipoukata wimbo. Njoo.